Umeacha nyama, mbona kilo hazishuki?

Wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo naulizwa mara nyingi kazini na hata harusini: mtu ameambiwa na daktari apunguze uzito, ameacha nyama kabisa, ameamua kula mboga na nafaka tu, na bado mizani haishuki. Wengine inazidi kupanda. Wanakata tamaa, wanarudi walikotoka, na sukari na presha zinabaki palepale.

Nilisoma diploma ya lishe na kazi yangu ni kukaa na watu wa aina hii, wengi wao akina mama wa Mombasa na Kilifi. Jibu langu huwa ni moja. Huku kwetu Pwani, unene mwingi hauletwi na nyama. Unaletwa na mafuta ya kukaangia, tui zito, sukari na unga mweupe, na vyote vinne hivyo havina nyama ndani. Mbaazi na mahamri ni chakula cha mla mboga. Viazi karai, bhajia, kachri, kaimati, wali wa nazi, chapati, halua na soda, hivyo vyote hakuna mnyama aliyechinjwa. Mtu aweza kuvila kutwa nzima, akawa hajagusa nyama, na akanona vizuri tu.

Hilo halina maana kuwa kula bila nyama ni kazi bure. Kukipangwa vizuri, ni njia nzuri ya kupunguza uzito, tena ni rahisi mfukoni. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa waumini wa kanisa la Waadventista huko Marekani na Kanada, uliohusisha watu zaidi ya 60,000. Walioacha nyama walikuwa wembamba kuliko waliokula nyama, na walioacha hata mayai na maziwa ndio waliokuwa wembamba kuliko wote. Lakini watu hao wengi wao hawavuti sigara, na hula dengu, maharagwe, njugu, matunda na nafaka zisizokobolewa. Hawakuacha nyama halafu wakahamia kwenye karai la mafuta.

Tena mfano tunao hapa nyumbani. Majirani zetu Wajaini, wenye hekalu lao barabara ya Langoni, na Wahindi wengi wa Kigujarati, wameishi bila nyama vizazi na vizazi. Kati yao wamo wembamba na wanene, wenye sukari na wasio nayo. Sababu ni ileile, kwani mithai na samli nazo hazina nyama.

Mla mboga ni nani?

Kwanza tuelewane kwa maneno. Huku kwetu mtu husema "mimi sili nyama" na sahani yake ina changu wa kupaka. Samaki si mboga, ndugu yangu. Anayekula samaki hana ubaya wowote, na samaki wa kuchoma ni chakula bora sana, lakini maelezo ya leo ni ya yule aliyeacha nyama, kuku na samaki. Hawa wako makundi mawili: wanaobakisha mayai na maziwa, na wanaoacha kila kilichotoka kwa mnyama. Kundi la kwanza kazi yao ni nyepesi. La pili lahitaji uangalifu zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Na kidini tusichanganye. Nyama ni halali, na hakuna mwenye ruhusa ya kuiharamisha. Mtu akiiacha kwa ajili ya afya yake, kwa ushauri wa daktari au kwa kuwa mfuko hauruhusu, hilo ni lake. Asijione bora kuliko mwenzake anayekula.

Hesabu ya jikoni

Mwili hupungua pale unapopewa nguvu kidogo kuliko unazotumia. Nguvu hiyo tunaipima kwa kalori. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili. Haijalishi mafuta hayo ni ya mnazi, ya alizeti au ya samli.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kalori 120. Sasa fikiria upawa tunaomimina sufuriani bila kupima. Kikombe cha tui la kasimile, lile zito la kwanza, chaweza kufika kalori 450 au zaidi. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori 16, waona kidogo, lakini mtu wa vijiko vitatu kwa kikombe na vikombe vinne kwa siku ameshakula karibu kalori 200 za sukari tupu. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko vidogo 8. Shirika la Afya Duniani lapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi karibu vijiko 6 kwa siku kwa mtu mzima anayetaka faida kamili ya afya.

Na mahamri je? Kilo ya unga mweupe ina karibu kalori 3,600. Tia sukari gramu 200, zinaongezeka kalori 800. Ukitoa mahamri 30 kwa kilo, kila moja lina kalori karibu 150 kabla ya tui na kabla ya mafuta linayonyonya karaini. Ukijumlisha vyote, hamri moja haliko mbali na kalori 200. Mahamri matatu ni 600, na bado mbaazi na chai hazijahesabiwa. Mwanamke asiyefanya kazi nzito mahitaji yake ya siku nzima ni kama kalori 1,800 hadi 2,000. Basi staftahi peke yake inaweza kumaliza nusu.

Mama wa mfungo mosi

Kuna mama mmoja wa Kisauni, umri wake ni hamsini na kitu, ana sukari na presha. Aliacha nyama mfungo mosi baada tu ya Idi. Alipokuja kwangu ilikuwa mfungo nne. Nilipomwamkia shikamoo, hata marahaba hakumaliza. "Mwanangu," akaniambia, "nyama sijaitia mdomoni miezi mitatu, mbona nazidi kunona?" Mizani ilikuwa imepanda kilo 3. Goti lilikuwa lamuuma, ngazi za nyumbani kwa binti yake hawezi kuzipanda, na daktari alikuwa ameshamtajia sindano ya insulini. Machozi yalikuwa karibu.

Nilimwomba anitajie alichokula jana yake. Asubuhi mahamri matatu, mbaazi za kasimile na chai ya maziwa vikombe viwili. Saa nne viazi karai kwa ukwaju. Mchana wali wa nazi na maharagwe ya nazi. Alasiri kachri na juisi ya embe yenye sukari. Usiku chapati mbili na viazi vya kukaanga, kwa sababu kitoweo hakuna. Kweli, nyama hakuna. Lakini mboga ya majani pia hakuna, hata tunda zima hakuna.

Alipokuwa akila nyama, sahani yake ilikuwa na kipande cha kumshibisha. Alipokitoa hakuweka kitu mahali pake, basi njaa ikajazwa na unga, viazi na mafuta. Kosa hili naliona kwa wengi.

Hatukumnyima chakula. Mahamri matatu yakawa moja, na bakuli la mbaazi likaongezwa, lakini za tui la pili, lile jepesi, lililokolezwa kwa kitunguu, bizari na pilipili mbichi. Viazi karai vikabadilishwa na pera au kipande cha papai na njugu kidogo. Wali wa nazi hakuuacha, aliuhamishia Ijumaa. Siku nyingine wali mweupe wa kipimo, pojo na mchicha. Sukari ya chai tuliipunguza nusu kijiko kila wiki mpaka ikaisha. Baada ya sala ya alfajiri akawa anatembea na jirani yake dakika 30.

Miezi mitano baadaye alikuwa amepungua kilo 6 na kiuno sentimita 7. Sukari yake ya asubuhi ilitulia, na daktari wake, si mimi, ndiye aliyempunguzia dawa. Insulini haikuhitajika wakati huo. Ngazi za binti yake sasa azipanda, polepole.

Sahani ijazwe vipi

Chukua sahani yako ya kawaida uigawe kwa macho. Nusu yake iwe mboga: mchicha, kunde za majani, mnavu, mtoriro, mronge, bamia, mabiringani, kabichi, kachumbari. Robo iwe kunde, pojo, mbaazi, dengu, adesi au maharagwe, au mayai kwa anayekula. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, sima, muhogo, ndizi au chapati. Sisi tumezoea kinyume: wali nusu sahani au zaidi, na mboga kijiko kimoja pembeni cha kuonyesha.

Robo ya jamii ya kunde ndiyo inayobeba kazi ya nyama. Kikombe kimoja cha pojo zilizopikwa kina protini ya karibu gramu 14 kwa kalori zisizozidi 220 au hapo. Adesi zina zaidi, karibu gramu 18 kwa kikombe. Juu ya protini zina ufumwele mwingi, ambao hukaa tumboni muda mrefu na kuzuia sukari kupanda kwa kasi. Nyama haina ufumwele hata chembe. Ndiyo maana mtu aliyekula pojo na mboga za majani hachungulii sufuria saa mbili baadaye.

Vyote hivyo vyapatikana Marikiti, Kongowea na kwa mama mboga wa mtaani, kwa bei ya chini kuliko nyama. Roweka pojo, kunde na mbaazi usiku, mwaga maji, upike kwa maji mapya. Tumbo halitajaa gesi sana. Maharagwe yachemke vizuri mpaka yaive kabisa. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana kabla ya kutiwa tui, maana kibichi kina sumu.

Utamu ubaki, mafuta yapungue

Wengi huniambia chakula cha kupunguza uzito hakina ladha. Watu wa Pwani hatuna sababu ya kusema hivyo. Tangawizi, thomu, uzile, bizari, dania, ndimu, ukwaju na pilipili havina kalori za kuhesabu. Mambo haya manne hutosha kuanzia:

Kwanza, pima mafuta kwa kijiko, usimimine kwa macho. Vijiko viwili vikubwa vyatosha sufuria ya watu wanne. Kitunguu kikianza kushika chini, nyunyiza maji badala ya kuongeza mafuta.

Pili, nazi isiwe ya kila siku na kila chungu. Kama wali ni wa nazi, maharagwe yasiwe ya nazi. Siku nyingine tumia tui la pili tu. Kumbuka pia mafuta ya tui ni ya aina inayopandisha kolesteroli, jambo muhimu kwa mwenye presha au moyo.

Tatu, muhogo, viazi vitamu na ndizi vichemshwe au vichomwe. Karai libaki kwa siku maalumu.

Nne, kula tunda, usilinywe. Glasi ya juisi humaliza maembe mawili au matatu, sukari inabaki na ufumwele unatupwa. Na dafu, ingawa ni bora kuliko soda, nalo lina sukari yake, moja latosha.

Kinachoweza kupungua mwilini

Hapa ndipo neno "kwa afya" lina maana. Mtu aweza kupungua kilo na akawa mgonjwa.

Vitamini B12 haipatikani katika mboga, kunde wala matunda. Iko katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua huleta upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu na kusahausahau. Anayekula yai na maziwa au maziwa lala kila siku ana nafuu. Aliyeacha vyote ni lazima atumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, hapana njia nyingine. Na wenye sukari wasikilize vizuri: dawa ya metformini, wanayotumia wengi, ikitumiwa kwa miaka huweza kushusha B12. Mtu wa metformini aliyeacha nyama ana sababu mbili za kumwomba daktari ampime.

Madini ya chuma yako katika pojo, kunde, adesi na mboga za majani, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko ya nyama. Dawa yake iko jikoni: kamulia ndimu juu ya mboga, au kula chungwa au pera pamoja na chakula, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai hufanya kinyume, huizuia. Chai yetu ya baada ya chakula ingoje walau saa moja. Kwa wanawake wanaopata hedhi jambo hili si dogo.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasianze mpango wa kupunguza uzito bila mtaalamu. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula ghafla bila kumwambia daktari, kwani dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari yaweza kushuka mpaka akaanguka. Nimeona mtu amefikishwa kliniki amezimia kwa sababu hiyo, na nia yake ilikuwa njema kabisa.

Siku moja ya mfano

Asubuhi: bakuli la mbaazi za tui jepesi, hamri moja au kipande cha mkate wa unga usiokobolewa, chai bila sukari au ya kijiko kimoja. Saa nne: pera au chungwa. Mchana: wali kiasi cha ngumi yako, pojo kikombe kimoja, mchicha na kachumbari ya ndimu. Alasiri: njugu za kukaanga bila mafuta, kiasi cha kujaa kiganja. Usiku: yai au adesi, bamia na mabiringani, na sima au muhogo wa kuchemsha kidogo. Kula mapema, ikiwezekana baina ya magharibi na isha, usilale na tumbo zito.

Pole pole, na pima kiuno

Kasi nzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Majani ya kuendesha tumbo yanayouzwa mitaani kwa jina la kupunguza kitambi hutoa maji na choo, na maji hayo yarudi ukinywa. Mafuta hayajaguswa. Pima kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo. Kwa mwanamke sentimita 80 ndipo hatari inapoanza, na 88 imezidi. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Tembea walau dakika 150 kwa wiki. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, kwa hiyo hauko peke yako na hakuna la kuonea haya.

Funga ya Jumatatu na Alhamisi nayo husaidia, kwa mwenye afya ya kufunga, alimradi futari isiwe kaimati, sambusa za viazi na muhogo wa nazi kwa mpigo. Na harusini hakuna anayekulazimisha kuongeza sahani. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa tumbo likigawanywa, theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mafundisho hayo tunayasikia kila Ramadhani msikitini, kisha twarudi nyumbani na kujaza sahani mpaka ukingoni.

Ukitaka kuanza, usianze na mambo kumi. Wiki hii nunua kijiko cha kupimia mafuta, roweka pojo, na ongeza mboga za majani mara mbili ya ulivyozoea. Wiki ijayo shughulika na sukari ya chai. Na kama una dawa unazotumia, mpigie daktari wako kabla ya yote.

Mwenye swali aniandikie, inshallah nitajibu.